Kilomita Thelathini na Nane Siku ya Nikola

Kwetu Užice, mji wa milimani Serbia, mgeni wa sikukuu ya mtakatifu wa nyumba haalikwi. Anaijua siku, anaujua mlango, anakuja. Ukimwalika ni kama unamwambia kwamba mwaka jana alikosea kuja. Na kwa kuwa haalikwi, akichelewa hapigiwi simu. Meza inamngoja kimya, na kimya hicho ndicho hukumu yake.

Nyumba ya rafiki yangu Nevena ni ya Mtakatifu Nikola, tarehe kumi na tisa Desemba. Mimi ndiye niliyembeba binti yake, Iskra, siku ya ubatizo, kwa hiyo pale mimi si mgeni tu. Saa sita mchana Miloje, mume wa Nevena, anasimama mbele ya mshumaa, nami nasimama mbele yake. Tunaushika mkate wa sikukuu kwa mikono minne, tunauzungusha, tunaumwagia divai, tunauvunja. Kwa miaka saba mkate ule haukuwahi kuvunjwa bila mimi.

Mwaka huu ulivunjwa.

Zamani, na zamani yenyewe ni mwezi Julai tu, mimi na Nevena tulikuwa na Jumamosi yetu. Tulikimbia kilomita kumi kwenye njia ya reli ya zamani kando ya mto Djetinja, tukipiga kelele ndani ya mahandaki ili tusikie sauti zetu zikirudi. Kisha tulikula lepinja, ule mkate wa duara unaopasuliwa ukiwa moto, ukajazwa yai, malai na mchuzi wa nyama choma, mpaka mafuta yakatufika viwikoni. Halafu tulipanda na gari la Miloje hadi Gornja Jasika, kijiji kilichobakiwa na mtu mmoja, Bibi Vidosava, Bibi Vida kwetu sisi, tukampasulia kuni za wiki nzima. Hakuna aliyetutuma. Tulikuwa tumemkuta siku moja akipigana na gogo kwa shoka lisilo na makali, tukamnyang'anya shoka, basi.

Mwezi Agosti nikajiandikisha mbio za kilomita mia moja.

Kilichokufa kwanza ni lepinja. Kocha wangu, ambaye yuko Belgrade na hunitumia mpango kila Jumapili, alisema mafuta yale ni sumu. Nilianza kutembea na kopo langu la plastiki: wali, kifua cha kuku, hakuna chumvi, kila baada ya saa tatu. Nevena alinikuta nikila nje ya duka la mikate.

"Shoga, hicho ni chakula au ni adhabu?"

"Ni protini."

"Mbwa wa jirani yangu anakula hivyohivyo. Ila yeye hujaribu kutoroka."

Nilicheka. Bado tulikuwa tunacheka.

Kuni zikafuata. Kocha alisema kupasua kuni kunachosha mgongo kabla ya mbio ndefu ya Jumapili. Nikamwambia Nevena, "Nenda wewe wiki hii." Wiki iliyofuata nikamwambia hivyohivyo. Ya tatu sikusema kitu, kwa sababu lilikuwa limeshakuwa jambo lililoeleweka.

Mwezi Novemba klabu yetu ya mbio ilitangaza kwamba mbio zangu zitachangisha kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao milimani. Gazeti la mji likanipiga picha nimebeba shoka begani. Shoka lilikuwa la mpiga picha. Nevena alinitumia ukurasa ule akiwa ameandika chini yake: "Wazee hawa, Tijana, unawakimbilia au unawakimbia?"

Nilifunga kamba za viatu. Nilikuwa na kilomita ishirini na nne siku hiyo.

Asubuhi ya Nikola mpango ulisema kilomita thelathini na nane, zenye mlima. Nilipiga hesabu: nikitoka saa kumi na mbili na nusu, nitarudi saa tano, nitaoga, na saa sita nitakuwa mbele ya mshumaa. Nilichagua barabara ya Gornja Jasika kwa sababu inapanda vizuri. Siwezi kudanganya kwamba nilikuwa na sababu nyingine.

Theluji ilikuwa ya kifundo cha mguu. Nilifika kijijini saa tatu kasoro, saa yangu ya mkononi ikisema niko nyuma ya mpango kwa dakika nne. Nyumba ya Bibi Vidosava iko mita hamsini kutoka barabarani. Bomba lake la moshi halikuwa na moshi.

Niliona. Nataka hili lieleweke, kwamba niliona. Nikajiambia bibi amelala. Mtu ambaye kila Jumamosi tulimkuta amekwisha kukamua mbuzi wake, leo eti amelala, na baridi ni nyuzi kumi chini ya sifuri. Nikatazama saa. Nikaendelea kukimbia.

Kilomita mbili mbele kuna msalaba wa mawe ambapo nilipaswa kugeuka. Niliufikia nikiwa nimezipata zile dakika nne. Nikageuka, kwa sababu mpango ulisema ugeuke, na barabara ikanirudisha palepale. Kwa hiyo sina cha kujisifia. Ingekuwa njia ya mzunguko, nisingerudi.

Bomba bado halikuwa na moshi.

Nilimkuta kitandani amevaa koti, kofia ya marehemu mumewe kichwani, mbuzi amelala sakafuni ameegemea kitanda. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba kama kiazi. Jiko lilikuwa baridi tangu juzi, alipoteleza akijipasulia vijiti. Uani magogo yalikaa kama lori lilivyoyamwaga mwezi Oktoba, mazima, theluji juu yake kama sukari.

"Tijana," alisema. "Nilijua mtakuja Jumamosi. Ila sikujua ni Jumamosi ipi."

"Nevena hakuja?"

"Nani atakuja peke yake, mwanangu? Nyinyi huwa mnakuja wawili."

Nilivunja kiti kimoja kuwashia moto. Kisha nikatoka uani na lile shoka lake. Magogo ya mti wa mwaloni yaliyoganda hayapasuki kama kwenye picha ya gazeti. Nilipasua kwa saa tatu kasoro kidogo. Nilipanga kuni ukutani, nikazipanga jikoni, nikazipanga chini ya kitanda chake. Nilimfunga mkono, nikamchemshia maharage. Nikamwambia nilimpita asubuhi, kwamba niliona hakuna moshi na sikusimama. Nikamwomba radhi. Alimkuna mbuzi masikio.

"Leo si Nikola?" aliuliza. "Nyumbani kwa Nevena wanakusubiri. Mpelekee hizi."

Akanifungia plamu kavu katika leso yake ya bluu, nikaitia katika begi langu la mgongoni, kando ya kopo.

Nilishuka mlima nikiwa nusu mtu. Simu ilipopata mtandao karibu na mji nikaitazama: hakuna aliyenipigia, hata mara moja. Nikafurahi. Nikajidanganya kwamba hawanisubiri, na sikumpigia mtu. Mimi, niliyezaliwa mji huu, ninayejua kwamba siku hiyo hakuna anayempigia yeyote.

Niliingia saa nane na nusu bila kuoga, nimevaa suruali ya kubana ya mazoezi, nywele zina barafu. Watu kama kumi na watano walikuwa mezani. Nilifanya ishara ya msalaba, nikachota kijiko cha ngano ya sikukuu, ile ya kuchemshwa ambayo kila anayeingia huionja, punje zikanidondokea kifuani. Mshumaa ulikuwa umebaki urefu wa kidole.

"Tulisubiri hadi saa nane," alisema Mama Desanka, mama mkwe wa Nevena, akiwa kwenye kiti cha heshima. "Supu ilipoa mara mbili. Mkate Miloje ameuvunja na Ratko wa ghorofa ya pili."

Ratko wa ghorofa ya pili alitazama sahani yake. Hata jina la Iskra halijui vizuri, humwita Irena.

"Kaa, umelowa," Nevena aliniambia. Hakuniangalia. Aliniwekea samaki, akaniwekea maharage ya kuoka, akaniwekea glasi ya rakija, ile pombe kali ya matunda. Sahani ilikuwa mbele yangu. Lakini nilikuwa na njaa ile inayoondoa akili, na miezi minne mikono yangu ilikuwa imefundishwa jambo moja. Nilifungua begi mapajani, nikatoa kopo, nikalifungua.

Ni siku ya mfungo wa Krismasi. Nyama haiingii katika nyumba ile tangu Novemba, wala yai, wala maziwa.

"Kuku," alisema Mama Desanka, kama anayetangaza msiba.

"Labda kuku mwenyewe alikuwa amefunga," alisema mjomba wa Miloje. Miloje alicheka ndani ya glasi yake, akakohoa.

Nililifunga kopo haraka, na nilipolirudisha begini leso ya bluu ikaanguka sakafuni, plamu zikatawanyika. Nevena aliinama kuziokota. Alipoiona leso akabaki ameinama muda mrefu kuliko plamu zile zilivyohitaji.

"Njoo jikoni," alisema.

Jikoni alifunga mlango, akaishika leso kwa mikono miwili.

"Hii ni ya Bibi Vida."

"Jiko lake lilikuwa baridi siku mbili. Kuni za Oktoba zipo vilevile."

"Si unaenda wewe? Njia yako ya mlima si inapita pale? Gazetini uliweka shoka begani."

"Nilidhani unaenda wewe. Wewe ndiye una gari."

Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kutoka sebuleni tulisikia vijiko.

"Uliacha kuja kwa lepinja," alisema polepole. "Nikasema ana mbio, sawa. Ukaacha kuja kwa kuni. Nikakasirika. Nikasema, kama yeye haendi, mimi ni mtumwa wa nani? Wiki moja tu, nikasema. Halafu nikajiambia lazima unapita kule, unakimbia kila mahali."

"Niambie basi umekasirika."

"Nikuambie saa ngapi? Ukiwa kilomita ya ngapi?"

Nilitaka kumshika bega. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge, ilikuwa inavuja.

Kisha akasimama, akajifuta macho kwa ile leso.

"Tijana, nisikilize. Nenda umwambie mama mkwe maneno mawili. Samahani, mama. Basi. Sema ulizidiwa na mazoezi. Wewe utatoka hapa jioni, mimi naishi naye. Hajazungumza na Miloje tangu ule mkate uvunjwe."

"Mwambie nilikuwa wapi."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikimwambia wewe ulikuwa wapi, ataniuliza mimi nilikuwa wapi. Kila Jumamosi gari lilitoka, Tijana. Nilikuwa nikienda dukani kula lepinja peke yangu, narudi, nasema bibi anawasalimu."

Nilimtazama. Miaka ishirini ninamjua mtu huyu. Nilimwelewa kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu pale barabarani mimi nilifanya jambo lilelile, ila mimi nilifanya nikiwa na saa mkononi. Samahani moja ndogo ingetufunika wote wawili. Tungekula samaki. Iskra angekuja kukaa mapajani mwangu. Na Bibi Vida angerudi kuwa mmoja wa wale wazee wa gazetini, bila mtu wa kumpasulia kuni.

Nilirudi sebuleni. Nevena alinifuata, leso bado mkononi. Mama Desanka alikuwa ameweka uma chini, ananingoja, na wote wananingoja, hata Ratko. Nikabaki nimesimama.

"Mama Desanka," nilisema, "asubuhi nilipita nyumba ya mtu mzee nikaona haina moshi, nikaendelea kukimbia. Kwa hilo nimeshaomba radhi kwa mwenyewe, na plamu hizi ndizo alizonipa. Kesho narudi kwake kupasua zilizobaki, na mwenye gari anakaribishwa. Lakini saa sita nilikuwa nampasulia kuni, kwa hiyo kwa mkate huu, kwa supu iliyopoa na kwa kuku, siombi radhi."