Ndoo ya Chini ya Sinki

Nyumba ya Kidawa pale Turffontein haikuwahi kujua ukimya. Chumba cha mbele alikaa yeye na mumewe Seif, Watanga wote wawili. Vyumba vya nyuma walikaa Hénock na mkewe Arlène, Wakongo wa Rutshuru, na watoto wao ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kizulu. Ua mmoja, bomba moja, jiko moja, na mbwa mmoja wa mwenye nyumba ambaye kazi yake kubwa duniani ilikuwa kufukua.

Jumamosi ile nyumba ilifurika. Viatu vilijaa mpaka getini. Ilikuwa hitma ya mamake Bi Bushra, yule Mzanzibari mwenye kibanda cha khanga Newtown, ambaye ulimi wake hufika Rosettenville kabla mwenyewe hajapanda teksi. Mama alikuwa amefia Unguja, na Bushra, makaratasi yake ya kukaa nchini yakiwa bado hayajatoka, hakuthubutu kuvuka mpaka, asije akashindwa kurudi. Alimjia Kidawa macho yamevimba.

"Kidawa, mie sikumzika mama yangu," alisema. "Hii hitma ndiyo maziko yangu. Usiniangushe."

Kidawa hakuwa mtu wa kuangusha watu kwa sufuria. Wanaooa, wanaozaa, wanaofiwa, wote wa kwao mjini humo humwita yeye. Kibali cha kazi hana, duka hana. Ana jina tu, kwamba mkono wake ni safi na chakula chake unakila umefumba macho. Jina hilo ndilo linalowalisha tangu Seif aangukiwe na mzigo godauni na mgongo wake ukakataa kazi.

Na mgongo huo ndio ulioleta ule mti.

Dawa za hospitali zilimchoma Seif tumbo. Usiku analala amekaa. Septemba ya mwaka uliopita, mahakama ya juu iliposema mtu mzima anaweza kuotesha bangi faraghani kwake kwa matumizi yake mwenyewe, Hénock alikuja mbio kutoka lindoni, sare bado mwilini.

"Ndugu Seif, umesikia? Sasa mutu anaweza kulima dawa yake ku nyumba. Polisi haiko na neno."

Kidawa alikataa kwanza. Baadaye, baada ya kumwona mumewe akilia chooni bomba likiwa limefunguliwa ili asisikike, akakubali kwa sharti: asijue mtu, na kisiingie jikoni kwake hata kijani kimoja. Wakauweka kwenye bafu la nje la zamani lisilo na paa, nyuma ya kipande cha bati.

Kuotesha, kumbe, si kutupa mbegu ukaenda zako. Seif alianza kwa kuchota udongo wa njano karibu na lundo la mabaki ya mgodi wa zamani wa dhahabu, kwa sababu ulikuwa wa bure. Hénock aliuona akashika kichwa.

"Eish! Ile haiko udongo, ile ni uchafu ya dhahabu. Ile mumea inakunywa kila kitu iko mu chini, na wewe unakunywa mumea. Unataka kuponya mugongo ama kuua tumbo?"

Wakamwaga. Mara ya pili Seif akaja na mbolea ya kuku mbichi, bado ya moto, kutoka kwa wauza kuku wa mtaani. Wiki haikuisha, majani yakaungua ncha kama karatasi iliyopitishwa kwenye kiberiti. Mara ya tatu akasalimu amri, akanunua mifuko ya udongo wa vyungu, wakauchanganya na mboji iliyokwisha kuoza na mchanga mnene ili maji yasituame. Hénock alikuwa akiufinya kiganjani: ukishikana kama tonge, bado mzito; ukishikana kisha ukaporomoka ukiguswa kwa kidole, ndio wenyewe. Mti ukakubali. Ukafika magotini.

Ikabaki mbolea ya kuukuza. Dukani waliwaonyesha pakiti mbili: unga wa mifupa na unga wa damu ya ng'ombe iliyokaushwa. Walibishana njia nzima. Mifupa ingoje maua, alisema Hénock. Mti sasa unataka majani, na majani yanataka damu. Seif akarudi na damu.

"Damu?" Kidawa alipiga kelele. "Nyumba ninayopikia Waislamu, unaniletea damu?"

"Haitaingia ndani, mke wangu. Itakaa bafuni na mti wake."

Ilikaa bafuni mpaka mbwa alipoinusa, akaipasua ile pakiti. Seif akakusanya iliyobaki. Kidawa alipouliza akajibiwa, "Nimeihifadhi." Hakuuliza wapi. Alikuwa na ngano ya kukanda.

*

Basi siku ya hitma. Masufuria mawili makubwa uani. Udi unafuka kila pembe, watoto wanakanyagana, wanaume wamekaa chumba cha mbele na Sheikh Bakiri, wanawake chumba cha nyuma na tasbihi zao. Kidawa mwenyewe alikaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya chai ya rangi, akatia nyama ya Ishaka mchinjaji, akatia vijiti vya mdalasini. Hapo adhuhuri ikamkuta. Akamkabidhi Arlène mwiko.

"Nakwenda kuswali. Ikianza kushika chini, tia bizari ya pilau, kikombe kila sufuria. Nimeisaga jana, iko kwenye ndoo, chini ya sinki."

"Usiogope, mama Kidawa. Mi niko."

Aliporudi mchele ulikuwa umeshaingia na mkaa uko juu ya vifuniko. Rangi aliiona imekoza kidogo. Akasema moyoni, leo kitunguu kimeniivia vizuri.

Msomaji wa mwisho alikuwa ameanza juzuu yake. Kidawa akaona Seif hayumo chumbani na wanaume, na Sheikh amekwisha kumuulizia. Akazunguka nyuma ya bati. Alimkuta amesimama kwa mkongojo, kanzu amekunja kiunoni, anamwagilia mti wake polepole kama anayemnywesha mgonjwa.

"Seif! Watu wanamaliza, wewe uko na..."

Akainama. Kulikuwa na harufu pale ambayo haikuwa na haki ya kuwa pale. Hiliki. Karafuu. Pilipili manga. Kwenye udongo, kuzunguka shina zima, umenyunyizwa unga wa kahawia, na maji yalipoupitia ukanukia sikukuu.

"Umetia nini hapa?"

"Ile mbolea. Asubuhi, kabla watu hawajaja."

"Umeitoa wapi?"

"Chini ya sinki. Mbwa ameniudhi, nikaitia kwenye ndoo ya mayonezi." Akatabasamu. "Leo hata ilinukia vizuri. Nikadhani imekomaa."

Ndoo za mayonezi. Nyumba nzima ilikuwa ndoo za mayonezi, nyeupe, kifuniko buluu: sukari humo, sabuni humo, chumvi humo. Na ile aliyoisagia bizari jana ilikuwa imesimama hapo ukutani, pembeni ya mguu wa Seif.

Kidawa hakukumbuka alivyofika jikoni. Chini ya sinki kulikuwa na ndoo moja. Aliifungua. Kikombe kimesimama ndani yake. Unga wa kahawia ulioelekea wekundu, na harufu ya chuma kilicholala mvuani.

"Arlène." Alimwonyesha kikombe, pale mlangoni alipokuwa amesimama. "Ulitia hii?"

"Ndiyo, ile ulisema. Kikombe, kikombe."

"Hukuinusa?"

"Niliinusa, mama! Ilikuwa inanuka mubaya." Arlène akafuta mikono kwenye kitenge. "Lakini ninyi Watanzania munakulaka ile papa yenu ya kukausha. Nikasema labda ndiyo mambo yenu."

Kidawa aliketi sakafuni. Kutoka mbele ilikuja sauti ya wanaume, wote pamoja sasa, wameingia kwenye tahalili. Wakimaliza hiyo ni dua. Wakimaliza dua ni sinia.

Seif alifika na mkongojo wake, nyuma yake Hénock. Wakaelezwa. Seif akamsogelea mkewe.

"Hakuna atakayejua," alinong'ona. "Ni kikombe tu, kwenye sufuria zima. Kiwandani wameshaichemsha..."

"Seif. Ni damu."

"Najua ni damu! Lakini ukisema damu, watauliza damu ya nini. Ukisema ya nini, kesho Newtown nzima itasema Kidawa aliwalisha watu bangi kwenye hitma. Nani atakuita tena? Tutakula nini?"

Na hilo Kidawa alilijua vizuri kuliko yeye. Alikuwa anayasikia maneno yenyewe, tena kwa sauti za watu anaowajua: shoga, unaambiwa Sheikh alitoka pale macho mekundu.

"Museme nyama imeharibika," alisema Hénock. "Ni joto ya Februari. Inaharibikaka."

"Ndio!" Seif alimshika mkono mkewe. "Nyama. Mwaga, sema nyama."

Kidawa aliliwaza. Mungu anajua aliliwaza. Neno moja jepesi na yote yamekwisha. Lakini nyama ilikuwa ya Ishaka, na Ishaka alikuwa chumba cha mbele, ana watoto, anaishi kwa jina lake kama yeye anavyoishi kwa lake. Kesho nani angenunua hata utumbo kwake?

"Nikimwagia Ishaka lawama," alisema, "nitakuwa nimewalisha watu damu vilevile, tena damu yake."

Akajinyanyua, akajifunga mtandio vizuri, akaingia kwa wanawake.

Bi Bushra alikuwa amekaa chini ya dirisha, amejifunika khanga ya mamake. Kidawa akachutama, akamsogelea sikioni.

"Bi Bushra, chakula hakiliki. Kimeingia damu. Kwa makosa, bizari imebadilishana na mbolea. Wa kulaumiwa ni mimi, niliyeacha mwiko."

Bushra hakugeuza shingo. "Damu ya nini?"

"Ya ng'ombe. Ya unga."

"Mbolea ya mmea gani inayotiwa damu?"

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, na sauti ya kawaida ya Bushra ni ya sokoni. Tasbihi zikasimama. Waridi, Kidawa alifikiri. Sema waridi. Nani angejua? Aliufungua mdomo kusema waridi, akaiona ile khanga, imechakaa ukingoni, imetumwa kwa boti na basi kutoka mbali kwa sababu mwenyewe hakuweza kwenda kuifuata.

"Bangi," alisema. "Mti mmoja, wa mgongo wa Seif. Hospitali zimemshinda. Kwenye sufuria haimo, wallahi. Kilichomo ni damu."

Mwanamke mmoja akasema "Astaghfirullah" kama aliyekanyaga mwiba. Mwingine alikuwa tayari anatafuta simu yake.

Bushra aliinuka. Alitoka kwenda uani bila viatu, wanawake nyuma yake kama maandamano, akafunua sufuria la kwanza, akanusa. Akafunua la pili. Wali ulikuwa mzuri sana. Punje moja moja, kahawia, inang'aa. Huo ndio uliomtoa Kidawa machozi.

"Mwageni," alisema Bushra.

"Bi Bushra, nisame..."

"Nimesema mwageni. Mama yangu hatasomewa kwa damu." Kisha akamgeukia Arlène, aliyejificha nyuma ya mlango. "Wewe. Kwenye sufuria lako lile umepika nini?"

"Ma-maharage, mama. Na mafuta ya mawese. Haiko kitu ingine. Ni ya watoto."

"Yatosha. Nani ana miguu? Aende duka la spaza alete mikate."

Hénock akafukia pilau nyuma ya ukuta, na kwa mara ya kwanza mbwa alifungwa kamba. Seif mwenyewe alikwenda kumwambia Sheikh, amesimama. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho, akasema kilichoingia damu hakiliwi, na aliyesema kabla ya tonge amewahi; la mti atazungumza naye siku nyingine, wawili tu. Wakala mkate na maharage ya mawese. Ishaka aliomba aongezwe. Hakuna aliyemsemesha Kidawa.

*

Maneno yalitembea kama alivyoyajua. Yalifika Rosettenville yakiwa na pilau ya bangi, yakafika mpaka Sandton kwa Wakenya wa benki yakiwa na Sheikh aliyecheka mpaka asubuhi. Harusi moja ikamwacha, kisha akika ya mtoto. Seif akasema aung'oe mti. Kidawa akamtazama alivyokuwa ameanza kulala ubavu, kutokana na majani yale machache ya mwanzo aliyoyachemsha, akamwambia auache. Ila ndoo zake zote azipake rangi nyekundu, na zikae kwa Hénock.

Jioni moja, geti likalia. Bi Bushra, peke yake, mkoba kwapani. Hakutaka chai. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Wananiuliza mie, kwani ilikuwa hitma yangu," alisema. "Nimewaambia: mie nimepikiwa na wengi hapa mjini, aliyewahi kunizuia mkono nisile haramu ni huyu mmoja. Sasa mwanangu Tabia anaolewa mwezi ujao. Utapika wewe."

Kidawa akavuta kiti, akaketi mbele yake.

Bushra akafungua mkoba, akatoa chupa ya kioo ya bizari, mdomo umefungwa kitambaa, kitambaa kimeshonwa uzi kuzunguka shingo, mshono wa mkono, wa karibukaribu. Akaiweka mezani katikati yao.

"Lakini bizari ni hii," alisema. "Na kuifungua nitaifungua mie."

Kidawa aliivuta ile chupa kwa mikono miwili. "Njoo asubuhi mapema, Bi Bushra," alisema. "Mkasi utaukuta mezani."