Udongo wa Nyuma ya Milingoti

Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Mei, saa nne asubuhi, uongozi wa klabu ya raga ya Aldershaw uliwaita mashabiki kwenye ukumbi wa nyuma ya jukwaa la kaskazini ili kuwapa taarifa ya msimu. Viti vilikuwa vya plastiki, chai ilikuwa imepoa, na pai za nyama zilikuwa zile zilizobaki mechi iliyopita. Timu ilikuwa imecheza mechi kumi na moja na kufungwa zote kumi na moja. Clifford Sugden alikaa safu ya pili, kofia mapajani. Nyuma kabisa walisimama marehemu arobaini na watatu, wamelowa mpaka magotini, nao hawakupewa chai.

Walianza kuja Februari, mechi ya kwanza ya nyumbani. Barry Lumb, mkagua tiketi langoni, ndiye aliyewapokea. Alimwona Enid, mke wa Clifford, ambaye Barry mwenyewe alihudhuria mazishi yake miaka miwili nyuma, akamwambia apite tu, mlango wa kuzunguka umekaza kidogo, ausukume kwa nyonga. Enid akausukuma. Akaenda kusimama mahali pake, mkono wa kushoto wa Clifford, akauliza wamefungwa ngapi.

"Bado hatujaanza," Clifford alisema.

"Haya. Tusubiri tufungwe."

Sababu haikuwa siri. Pale Aldershaw shabiki akifa huchomwa, na majivu yake humwagwa kwenye udongo wa nyuma ya milingoti, upande wa kiwanda cha sufu, pale wachezaji wanapoanguka na mpira wakifunga trai. Mtu wa raga hataki kulala makaburini, bega kwa bega na watu wa mpira wa miguu. Desemba uongozi ulileta matingatinga, ukachota udongo wote futi mbili kwenda chini, ukatandika nyasi za plastiki. Udongo ukapakiwa kwenye malori, ukaondoka. Marehemu walipokosa pa kulala uwanjani, wakahamia jukwaani kama watu wengine.

Mwenyekiti, Bwana Adrian Tasker, alivaa skafu ya klabu ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alisoma kwenye karatasi. Alisema ni msimu mgumu. Alisema uongozi unaumia kama wanavyoumia mashabiki. Lakini yapo ya kutia moyo, alisema; mahudhurio, kwa mfano, yamepanda kwa watu arobaini na watatu kila mechi ya nyumbani.

"Hao ni maiti, wewe," alisema Hilda Crabtree, muuza pai.

"Tunamthamini kila anayepita langoni, mama."

"Mama yako nani? Ningekuzaa mimi ungekuwa na akili."

"Mwambie na winga wake apite langoni kwangu," Barry akadakia. "Mstari wa trai hauoni tangu Februari, labda lango ataliona."

Watu wakacheka, kicheko cha kusaga meno. Clifford akasimama. Alikuwa amechimba mitaro ya halmashauri miaka thelathini na mmoja.

"Udongo haupotei, bwana," alisema. "Ukiutoa hapa, umeuweka pale. Mmeuweka wapi?"

"Suala hilo liko kwa mkandarasi, mzee wangu."

"Mkandarasi simjui. Mke wangu niliwapa nyinyi."

Mwenyekiti alikuwa akitafuta jibu kwenye karatasi yake wakati Enid alipolitoa kutoka nyuma. "Tuko kwenye lile ghala jipya, kando ya barabara kuu," alisema, kama mtu anayeelekeza duka la dawa. "Pale wanapoegesha magari. Wametumwagia lami juu, na maji ya mvua hayana pa kwenda."

Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake.

"Umesikia," Clifford alisema. "Sitaki pole yako. Urudisheni udongo wetu hapa, mke wangu apate kulala. Nitaushusha mwenyewe kwa koleo, hata kama ni malori ishirini."

Bwana Tasker akatoa fomu kwenye faili, akaiinua watu waione. Kila familia ilitia sahihi siku ya kumwaga majivu. Klabu inaweza kuuhamisha udongo wakati wowote itakapoona inafaa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, upande wa pili, chini. Clifford akaliona jina lake mwenyewe, herufi kubwa zilizolala upande. Kila karatasi iliyoingia nyumbani kwao Enid ndiye aliyeisoma, kwa sauti, huku akikoroga chai. Siku ile ya sahihi Enid alikuwa ndani ya kopo, chini ya kwapa la Clifford. Karani wa klabu alimwambia aweke jina tu, mzee, ni kawaida. Akaweka.

"Mlijua sisomi."

"Fomu ni ileile kwa wote."

Enid akaja mbele akiacha alama za maji sakafuni, akaichukua fomu, akaisoma pande zote mbili mpaka mwisho. "Ni kweli, Cliff," alisema. "Imeandikwa. Ungemwomba hata Barry akusomee."

"Barry naye hasomi."

"Nasoma," Barry alisema. "Sijatangaza tu."

Pai ya Hilda ilimpata mwenyekiti begani. Alijipangusa kwa ile skafu, akageuza ukurasa, akasoma kwamba kuanzia leo marehemu watasimama upande usio na paa, kwa kuwa jukwaa lenye paa limetengwa kwa wageni wa wafadhili. Aliuliza kama kuna swali jingine, akatoka akiwa bado anauliza.

Mechi ya siku hiyo ilianza saa tisa na mvua ikaanza nayo. Clifford alikwenda kusimama na mkewe upande wa marehemu. Enid alimtukana mwamuzi kama alivyokuwa akimtukana miaka yote. Dakika ya sitini winga akafunga trai, ya kwanza tangu Februari, akaanguka na mpira nyuma ya milingoti, akainuka kiwiko kimechunika na jezi safi, bila hata doa la tope. Enid aliitazama jezi ile, akaacha kupiga makofi. Walifungwa arobaini na sita kwa sita, nne za trai na mbili za mkwaju.

Kipenga cha mwisho kilipolia, marehemu walipanga mstari na kuondoka kwa miguu, maili tatu, kama walivyofanya baada ya kila mechi. Mara zote Clifford aliishia langoni, akidhani wanarudi mahali pema. Leo alifuatana nao, amemshika Enid kiwiko. Magari yaliwapigia honi wabane pembeni.

"Njoo nyumbani," alimwambia.

"Nimejaribu, Cliff. Miguu haikubali. Inajua udongo wangu ulikomwagwa."

Kwenye ghala, mlinzi aliinua kizuizi, akawahesabu kwa kidole wakiingia, kisha akakishusha mbele ya kifua cha Clifford.

"Wewe hapana, mzee. Humu wafanyakazi tu."

"Na hawa je?"

"Hawa ni wa hapa."

Clifford akabaki ameshika kile chuma. Enid alikwenda mpaka nafasi ya pili kutoka ukutani, akalala chali kati ya mistari miwili myeupe, akakunja kola ya koti lake. Watu wa zamu ya jioni walikuwa wameanza kufika. Gari la kijivu likaingia, likarudi nyuma polepole, likasimama juu yake. Dereva akateremka, akalifunga, akageuka mara moja kuhakikisha kwamba hakukanyaga mistari.