Njiti Tatu

Kapteni Ulrik alitumwa kutoka Kopenhageni kuja kukagua doria ya mbwa kaskazini mwa Grinlandi. Alikuja na mikoba minne, mmoja umejaa sabuni na manukato. Sajini Pavia, aliyeendesha sleji, gari la kuteleza thelujini likivutwa na mbwa, miaka kumi na tisa, aliitazama ile mikoba, kisha mbwa wake kumi na watatu, akawahurumia mbwa.

Asubuhi ya kuondoka kwenye kibanda cha doria walicholala, kapteni alichoma vibanzi vyote vya kuwashia jiko ili apate maji ya moto ya kunyolea ndevu.

"Kapteni, hapa jiko haliachwi tupu," Pavia akasema. "Unapanga vibanzi ndani, karatasi chini, halafu njiti tatu unazichomoza nje ya kiberiti. Anayekuja na mikono iliyokufa ganzi azivute kwa meno. Asipozikuta, anakufa."

"Na nani anakuja huku, sajini? Shangazi yako?"

"Yeyote."

"Basi huyo Yeyote umwachie na keki!" Kapteni akacheka peke yake, akatoka kupiga picha.

Maneno mazuri humwagi kwenye pakacha. Pavia alichukua shoka, akapasua sanduku la samaki wakavu wa mbwa, akavipanga vibanzi jikoni taratibu, vyembamba chini, vinene juu. Njiti tatu akazichomoza.

Saa sita mchana dhoruba ikawakuta njiani. Kapteni alikuwa amevua glavu apige picha za milima, na upepo ukaondoka nazo. Waligeuza sleji. Walipofika kibandani vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mishumaa.

"Ingia uwashe moto," Pavia akamwambia. "Mimi nafunga mbwa. Wakitupotea hawa, hatutoki."

"Siwezi kushika kitu, Pavia!"

"Meno si unayo? Asubuhi umeyasugua nusu saa."

Pavia alipoingia, alimkuta bwana mkubwa kapiga magoti, kiberiti katikati ya mapaja, njiti iliyoungua mdomoni, kamasi zimeganda hadi kidevuni. Moto ulikuwa unanguruma.

"Nani... nani alipanga jiko?"

"Shangazi yangu."

Vidole vilipona vyote kumi, ingawa Pavia hakuona dunia ingepungukiwa na nini bila vile. Siku ya kuondoka tena, alivitafutia kazi. Aliweka shoka na sanduku jingine tupu miguuni pa kapteni, akakaa kwenye sleji kumngoja.

"Vyembamba chini," akamkumbusha.