Swali la Kumi na Nne

Saa tisa alasiri, zamu ikiwa imekwisha, muuguzi wa wodi ya watoto ambaye wenzake humwita Dada Mkubwa alijaza dodoso la uchovu kazini akiwa amesimama, karatasi ameibana ukutani, kalamu ikigoma kutoa wino. Swali la kumi na nne liliuliza: "Je, humaliza zamu bila kukaa hata mara moja?" Akatia alama kwenye "Kila siku", akaikoleza. Matokeo ndiyo yangeamua kama wodi yake, yenye wagonjwa arobaini na yeye peke yake, itapata muuguzi wa pili.

Wiki mbili baadaye alimfuata ofisini mtakwimu aliyechambua majibu ya dodoso.

"La kumi na nne tumelitoa, mama," mtakwimu alisema kwa upole, akimgeuzia kompyuta. "Wauguzi wote mia tatu na kumi na wawili wamejibu 'Kila siku'. Swali zuri humtenganisha aliyechoka sana na aliyechoka kidogo, na mstari wake kwenye grafu hupanda. Huu wenu umelala."

"Bora huo umepata kulala. Sasa kama wote tumechoka sana?"

"Ndiyo hapo. Swali halitupi taarifa yoyote."

Ati halitoi taarifa! Watu mia tatu na ushee wanasema neno moja, wanaambiwa hawajasema kitu. Dada Mkubwa aliaga tu, akarudi wodini.

Jioni hiyo magoti yake yaligoma kukunjika. Alikula amesimama, akalala ameegemea kabati, bintiye akamfunika shuka na kulibana mabegani kwa vibanio vya nguo. Asubuhi aliwakuta wenzake wote vivyo hivyo, wakipanda ngazi kwa ubavu. Daktari aliwapima, akaandika "miguu imenyooka", akaendelea na raundi.

"Angalau sare hazijikunji," alitania muuguzi wa wodi ya jirani.

Ripoti ilitoka mwisho wa mwezi: uchovu ni wa wastani, muuguzi wa pili hahitajiki. Siku hiyohiyo bwana vifaa alikuja kuchukua kiti pekee cha wodi, maana hakina mtumiaji. Akampa Dada Mkubwa fomu ya kuthibitisha kwamba amekitoa kwa hiari yake. Alisaini harakaharaka bila kuisoma, kwa sababu mtoto wa kitanda cha tisa alikuwa anatapika.