Mbili ya Fundi Kornelio

"Fundi, ndala yako ya kushoto iko wapi?"

Kornelio alitazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na ndala. Wa kushoto ulikuwa mtupu, mweupe kwa vumbi la saruji hadi kwenye kifundo, umesimama juu ya marumaru mpya kama mguu wa mtu mwingine. Aligeuka. Ndala ilikuwa imebaki chumba cha pili, imenasa kwenye gundi mbichi, na kutoka kule hadi hapa sebuleni alikuwa ametembea hatua kumi na tano bila kujua kwamba ameiacha.

"Nimeivua mwenyewe, Bi Wahiba," alisema. "Nilitaka kupima sakafu."

"Kwa mguu mmoja?"

Bi Wahiba ndiye mwenye nyumba. Miaka thelathini nyuma ya meza ya duka la vitambaa ilikuwa imemfundisha kunusa uongo kabla haujafika mezani. Kila alasiri alikuja Tegeta kukagua ujenzi, pindo la baibui limeshikwa mkononi lisiburuze vumbi. Sasa alivua viatu vyake, akaanza kupita sebuleni polepole. Karibu na dirisha mguu wake ukasita. Akarudi nyuma, akapita tena.

"Hapa pamechomoza."

Kornelio alipiga magoti, akaweka pima maji. Kweli. Marumaru moja ilikuwa imeizidi jirani yake kwa unene wa ukucha. Fundi mwingine angesema si kitu. Lakini Kornelio kwa miaka ishirini na sita alikuwa amejulikana kwa jambo moja: kila alipomaliza chumba alivua viatu na kutembea kona hadi kona, na nyayo zake zilimwambia kila kosa kabla pima maji haijatoka kwenye mfuko. Asubuhi hiyo alikuwa amepita pale pale mara mbili. Nyayo hazikusema kitu. Zilikuwa zinawaka tu. Kisukari kilikuwa kimetafuna mishipa ya fahamu ya miguu yake yote miwili. Kimeondoka na hisia, kimemwachia moto.

"Nitaing'oa," alisema. "Kidogo tu hiyo."

"Na kazi yote imebaki siku ngapi?"

"Mbili."

Bi Wahiba alicheka hadi akajishika kiuno. "Mie hii nyumba yangu ya tatu, fundi. Nikiambiwa mbili naandika nane. Nyie mafundi mna mbili yenu wenyewe, haimo kwenye hesabu za binadamu wengine!"

Kornelio naye akacheka. Ndipo simu yake ilipolia. Alikuwa Sista Felicitas, nesi wa utafiti wa tiba ya miguu aliojiandikisha kule hospitali.

"Njoo kesho asubuhi, mzee," alisema. "Kuna ishu kwenye daftari lako."

*

Felicitas, binti wa umri sawa na mtoto wake Hope, alimwamkia kwanza, akamvutia kiti, ndipo akafungua daftari. Wiki tatu nyuma, katika kiti hicho hicho, alikuwa amemweleza tiba yenyewe. Alimwambia kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna jeni, maelekezo ya kazi. Wangechukua nakala ya maelekezo hayo, waichome kwenye misuli ya mashavu ya miguu, na misuli ingeyasoma na kuanza kutengeneza yenyewe kile kinacholisha mishipa ya fahamu.

"Kwa hiyo mnampa fundi ramani tu," Kornelio alikuwa amesema, "vifaa anavyo mwenyewe."

Felicitas alikuwa amecheka. Leo hakucheka.

"Mzee, tulikuomba siku saba uandike maumivu yako, sifuri hadi kumi. Kuingia kwenye utafiti, wastani lazima ufike nne. Wako haufiki hata mbili. Siku sita umeandika mbili. Jumapili umeandika moja."

"Jumapili nilikuwa kanisani."

"Vipimo vyangu vinasema mishipa yako imeharibika vibaya. Daftari lako linasema uko salama. Daktari hawezi kumchoma mtu aliye salama."

Kornelio aliikunja kofia yake, akaikunjua. "Si ubadilishe tu, mwanangu? Weka hata sita."

"Siwezi." Alilisema neno hilo kwa upole, lakini halikuwa na mlango. "Hii tiba bado tunaijaribu. Kuna watu watakaotibiwa baadaye kwa kufuata namba hizi, watu ambao mimi na wewe hatutawaona. Nikiweka namba yangu mwenyewe, hao ndio nitakaokuwa nimewadanganya."

Kornelio aligonga daftari kwa kidole. Alikuwa anaijua marumaru iliyobandikwa haraka, gundi katikati tu, pembe hewani. Kwa macho ni nzuri. Ukiigonga inalia tupu, na siku kabati zito litakapowekwa juu yake, itapasuka.

"Inalia tupu," alisema.

"Nini, mzee?"

"Daftari langu."

Felicitas alifungua ukurasa mpya. "Kanuni inaruhusu kurudia mara moja. Siku saba, kuanzia leo. Baada ya hapo orodha inafungwa na hatuna nafasi nyingine. Nani anakuandikia?"

"Mke wangu. Mikono yangu huwa na gundi."

"Basi ukweli uanze kwake."

*

Demetria alikuwa amerudi kutoka soko la Mabibo, ambako aliuza vitunguu tangu Hope akiwa mgongoni. Sasa Hope alikuwa mwalimu Songea, na chumbani walibaki wawili. Walikula ugali na dagaa. Alipomaliza kuondoa vyombo alifuta meza, akavaa miwani, akafungua daftari kama alivyofanya kila jioni.

"Leo ngapi, Baba Hope?"

Mbili ilikuwa tayari mdomoni. Ilikuja yenyewe, kama inavyokuja mbele ya mwenye nyumba. Alikuwa amemwangalia mwanamke huyu kwa miaka ishirini na minane akiinua magunia, akizika wazazi wake, akisomesha mtoto. Hakuwahi kuona ni wapi angeweza kumwekea mzigo mwingine. Na kulikuwa na hofu nyingine, ndogo na yenye aibu. Fundi mwenye mbili bado ni fundi. Mwenye tisa amekwisha.

"Mama Hope," alisema, "tisa."

Kalamu ilisimama.

"Leo tu?"

"Leo. Jana. Tangu masika ya mwaka juzi."

Demetria alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena. "Kwa hiyo nimekaa wiki nzima naandika uongo, na mwandiko wangu huu mzuri."

"Sikutaka uogope."

"Niogope nini? Shuka unalitupa chini kila siku kwa sababu huwezi kuguswa na kitambaa. Unavaa soksi kinyume ili mshono usikuguse. Unadhani mimi ninalala na mtu nisiyemjua?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Miguu ya nani?" Sauti yake ilipanda, ikavunjika katikati. "Nilikuwa nakusubiri wewe useme, Kornelio. Nimesubiri mpaka nimechoka."

Mara chache sana alimwita kwa jina lake. Aliandika tisa, akikandamiza kalamu kwa nguvu hata namba ikachapa kwenye ukurasa wa pili.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Kila namba ilitoka kwa shida, kama marumaru ya zamani inavyong'olewa kwenye saruji. Tisa. Nane. Tisa. Lakini jioni ya nne Kornelio hakuishia kwenye namba. Alieleza. Kwamba asubuhi ni makaa, mchana ni vipande vya chupa, na jioni ni kama mtu anazisugua nyayo zake kwa pilipili kichaa. Demetria aliyaandika yote pembeni mwa ukurasa ingawa hakuna aliyewaomba, na mstari ulipokwisha aligeuza daftari akaandika kwa wima.

Felicitas aliposoma, siku ya mwisho, alisoma na maandishi ya pembeni. Kisha akaweka daftari chini, akampa Kornelio mkono wa kumpongeza kama vile ameshinda uchaguzi.

"Umeingia, mzee."

*

Kabla ya sindano alikwenda kwa Bi Wahiba. Alimwambia kazi imebaki siku ishirini, na kwamba katikati atasimama wiki mbili kwa ajili ya matibabu, na akamwambia ni matibabu ya nini.

Bi Wahiba aliliachia pindo la baibui.

"Toka nianze kujenga, leo ndiyo mara ya kwanza fundi kunitajia namba ya kunitisha," alisema. "Nenda katibiwe. Nitakusubiri. Na nisisikie umenirudia hapa unachechemea."

Sindano zilikuwa ndogo na nyingi, zimepangwa kwenye mashavu ya miguu yote miwili kwa nafasi sawa. Kornelio alizihesabu, akaupenda mpangilio wake. Baada ya wiki mbili akachomwa tena. Akarudi kazini, akakaa anangoja.

Wiki ya tatu: tisa. Ya nne: tisa. Demetria aliziandika bila kuguna. Wiki ya tano, akiwa amepiga magoti kwenye veranda ya Bi Wahiba, aliegemeza mguu ukutani na kitu fulani kikapita kwenye unyayo, chembamba, kisicho moto. Ilimchukua muda kukumbuka jina lake. Ilikuwa baridi. Baridi ya marumaru. Alikaa pale na nyundo ya mpira mkononi hadi gundi ikaanza kukauka kwenye ndoo.

Jioni hiyo alisema saba. Wiki ya saba akasema tano. Ya nane akajifunika shuka hadi asubuhi, na Demetria akalala macho, akisubiri litupwe.

Jumapili ya wiki ya kumi, walipotoka misa ya kwanza, Demetria alileta daftari barazani. Kornelio alikuwa kwenye kigoda, viatu vya kanisani pembeni, miguu mitupu juu ya sakafu.

"Leo ngapi?"

"Mbili."

Demetria alifunika kalamu.

"Baba Hope. Tulishatoka huko."

"Ni mbili, Mama Hope."

"Mbili ya fundi au mbili ya watu?"

"Ya watu."

"Siandiki."

Kornelio hakumlaumu. Alikuwa ameiharibu namba hiyo mwenyewe, na sasa ilipokuwa ya kweli hakuwa na chochote cha kuiegemeza. Aliinua uso akatazama kamba ya nguo ya jirani, mashati ya shule yaliyokuwa yanatikisika juani. Alikuwa bado anayatazama aliposema, polepole:

"Kuna sisimizi mguuni kwangu."

Demetria akainama. "Wapi?"

"Kushoto. Yuko kwenye kidole gumba." Macho yake yalibaki kwenye mashati. "Ameshuka. Yuko katikati ya vidole. Sasa cha tatu. Cha nne. Amesimama."

Demetria alikuwa amepiga magoti na gauni lake la kanisani, uso karibu kabisa na mguu wa mumewe, daftari limeanguka wazi kando yake.

"Amesimama kweli," alinong'ona. "Tulia hivyo hivyo."

"Ananitekenya."

"Tulia nimekwambia!"

Mabega ya Kornelio yalikuwa yanatikisika kwa kicheko alichokizuia. Sisimizi alipapasa hewa, upande huu, upande ule. Kisha akageuka, akavuka kifundo, akaanza kupanda.