Picha ya Pacha

Pasi ya mkaa ilikuwa imeanza kupoa, lakini Mama Pacha hakuthubutu kuipuliza. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe pepepe. Cheche moja tu ingemkosesha kazi. Alikuwa dobi wa kituo cha afya. Damu za wazazi, matapishi ya wagonjwa, makoti ya daktari, vyote vilipita mikononi mwake. Safari hii alikabidhiwa vitambaa vya wageni. Nyuma ya ukuta jokofu jipya lilinguruma, limejaa chanjo ya surua, limefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya arusi.

Chanjo zilitoka mbali. Nchi mbili tajiri zilichangia, shirika likasafirisha, wizara ikapokea, gari likazishusha mlangoni. Zilikuja kwa wakati, maana surua ilikwisha bisha hodi mitaa ya nyuma ya soko. Ila agizo kutoka juu lilikuwa moja: jokofu lisifunguliwe mpaka wageni waje kukata utepe.

"Dada, wanangu wametimiza umri wa kuchanjwa," alimwambia muuguzi wa watoto. "Nichomee hawa wawili tu. Nani atajua?"

"Ufunguo uko mfukoni mwa daktari, mwenzangu. Ningekuwa nao ningekwisha wachoma."

Akaenda kwa daktari, mmoja mgongoni, mmoja kifuani.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Mama Pacha. Vitambaa tayari?"

"Tayari. Nimekuja kwa ajili ya hawa."

Daktari akatabasamu, akamfinya yule wa kiume shavu. "Una bahati ya mtende wewe. Wageni wameomba mama mwenye pacha awe wa kwanza, wapigwe picha. Nikiwachoma leo, siku ile niwachome nini? Maji?"

"Surua iko mtaani, daktari."

"Surua haikuanza leo. Ni wiki ijayo tu. Subira yavuta heri." Kisha akapunguza sauti. "Na mimi naagizwa, mama. Kama wewe unavyoagizwa."

Wiki ijayo ikaja bila wageni. Bango la sherehe lilichorwa nembo ya nchi moja juu ya nembo ya nyingine, na waliowekwa chini wakanuna. Bango likarudishwa kuchorwa upya. Liliporudi, nembo zikiwa ubavu kwa ubavu, mgeni rasmi alikuwa amesafiri kwenda kwenye mkutano wa kuharakisha chanjo. Vitambaa vikaingia vumbi. Mama Pacha akavifua tena, akavinyoosha tena.

Yule wa kiume alianza kwa mafua. Alikuwa kurwa mwenye makeke, aliyezaliwa akilia kabla hata ya kushikwa, na kimya chake ndicho kilichomshtua mama. Macho yakawa mekundu. Vipele vikatokea nyuma ya masikio, vikashuka usoni, vikaenea mwili mzima. Wa kike akapelekwa kwa bibi yake upande wa pili wa mji, aepushwe. Mama akalazwa na mgonjwa wake wodini, juu ya shuka alizozifua mwenyewe. Daktari alifanya aliloweza: dripu, dawa ya kifua, hewa ya mtungi. Hakumtazama mama usoni.

Mtoto akafa adhuhuri, watu wengine wakila.

Baba yao, fundi baiskeli, alifika na mafuta bado mikononi. Alisimama mbele ya chumba cha jokofu, akasikiliza ule mngurumo, akaupiga mlango teke. Mlinzi na wauguzi wakamkumbatia kwa nguvu.

"Mwenye nguvu mpishe, bwana," mlinzi alimnong'oneza. "Utafungwa, na mmoja bado yupo."

Neno hilo, mmoja bado yupo, ndilo walilorudi nalo kutoka makaburini. Mama Pacha akamfuata binti yake kwa bibi, akamfunga mgongoni, hakutaka tena kumtua.

Vitambaa vya matanga vilikuwa bado kambani daktari alipomwita.

"Pole sana. Ni kazi ya Mungu."

"Kazi ya Mungu, daktari?"

Daktari akageukia dirisha. "Wageni wanakuja kesho. Ratiba imekwisha pelekwa, na inasema pacha. Mfagiaji ana mtoto wa kiume, umbo lile lile. Nimezungumza naye, amekubali."

Mama Pacha akaikaza kanga iliyomfunga binti yake mgongoni.

"Wa kwake atachomwa mwanzo, na wako pia," daktari akaendelea. "Ukikataa sikulazimishi. Utapanga foleni na wengine. Umeona mwenyewe walivyo wengi, na chanjo haziwatoshi."

Kesho yake foleni ilizunguka ua na kutokea barabarani, ikazuiwa na kamba. Ndani ya kamba kulikuwa na hema, maspika na meza zenye vitambaa vyeupe. Mama Pacha aliketishwa kiti cha mbele. Mtoto wa kuazima alijinyonganyonga mapajani mwake akimtafuta mama yake, aliyesimama kando na ufagio akimpungia mkono kwa siri. Binti yake mwenyewe alimlalia kifuani, mzito, mvivu. Mwili wake ulikuwa na joto. Jua kali, mama akajiambia. Jua kali leo.

Hotuba zilikwisha, utepe ukakatwa. Mgeni mmoja, mwanamke mrefu mwenye uso wa huruma, akapiga magoti kwenye vumbi mbele yake bila kujali nguo zake. Akasema jambo kwa lugha yake. Mtafsiri akainama.

"Mgeni anauliza, katika hawa, aliyetangulia ni yupi?"

Maspika yalikoroma. Daktari akakohoa.

"Aliyetangulia nimemzika," alisema Mama Pacha.

Mtafsiri alimkodolea macho, kisha akamtazama daktari. Halafu akamgeukia mgeni, akasema maneno marefu, laini, akitabasamu. Mgeni naye akatabasamu, machozi yakimlengalenga, akampapasa kichwa mtoto wa mfagiaji. Watu wakapiga makofi.

Muuguzi wa watoto akaja na sindano. Akamchoma wa kiume, ambaye alipiga kelele zilizowachekesha waheshimiwa. Kisha akaushika mkono wa yule wa kike, na vidole vyake vikaganda pale pale. Akamfungua kola, akachungulia nyuma ya sikio. Akainua macho kumtazama mama.

"Endelea, dada, unanizibia mwanga," mpiga picha alimwambia. Akasogea, akauelekeza mtambo wake kwenye uso wa mtoto, kwenye macho mekundu yaliyochuruzika. "Huyu naye analia nini, na hata hajachomwa?"