Ngamia Hamsini kwa Mfalme wa Majini

Mzee Keinan alitoka kwa watazamaji, akapanda jukwaani mchezo ukiwa katikati, akalaza bakora yake juu ya meza ya mfalme wa majini, akatangaza kwamba ukoo wake uko tayari kutoa ngamia hamsini ili mimi niachiliwe. Nyuma yake walisimama wazee wengine wawili, ndevu nyekundu kwa hina, nyuso zimekunjwa kama za watu waliokuja kuzima ugomvi wa kisima. Wallahi hawakuwa wakitania. Ukumbi mzima ulitega sikio kusikia bei.

Mfalme wa majini alikuwa Warfa, kijana wa mtaani kwetu, ndani ya suti ya mjomba wake na miwani ya jua. Jibu la ombi kama hilo hatukumwandikia. Akaisogeza miwani, akajikaza.

"Wazee wangu, karibuni. Lakini huku chini hatunywi maziwa. Hakuna dili."

"Sitini!" mtu akapaza sauti kutoka upande wa wanaume.

"Na huko chini mnamlisha nini?" mama mmoja akadakia. "Mtazameni alivyokonda!"

Mimi, mke aliyetekwa, nilikuwa nimeketi juu ya kreti la soda, nimeuma ulimi nisije nikacheka. Niliogopa pia, maana safu ya tatu alikuwa ameketi Aabo.

Aabo, baba yangu Bishar, ni dalali katika soko la mifugo la Garissa, na dalali hatoi neno bila sharti. Nilipomwambia kwamba nataka kuishi kwa michezo ya kuigiza, hakufoka. Alimaliza chai yake kwanza. "Iftin," akasema, "nitakuja kukutazama siku moja. Watu wakikaa mpaka mwisho, utakwenda Nairobi kusomea hayo mambo yako. Wakitoka kabla ya mwisho, utakwenda Bura kumsaidia adeer yako dukani, na habari ya jukwaa tusiisikie tena." Adeer Ogle, kaka yake mkubwa, ndiye mwenye duka hilo, na alikuwa amekwisha kunitafutia kiti cha kukalia. Siku ya mchezo alikaa karibu na mlango, apate kuwaona vizuri watakaotoka.

Ngano yenyewe niliikuta maktaba. Ilikuwa ya Wagiriki wa kale, kuhusu mwimbaji aliyemfuata mkewe kuzimu, akaruhusiwa kumrudisha duniani kwa sharti moja tu: atangulie yeye, wala asigeuke kumtazama mpaka watoke. Niliipenda mpaka nikakosa hamu ya chakula. Lakini nani angethubutu kuwaletea akina mama wa Garissa mfalme wa wafu? Astaghfirullah! Basi kwetu mke hakufa, alitekwa na majini kupitia kisima kimoja huko Tarbaj, na mume hakupiga kinanda, alighani mashairi. Na kwa kuwa Salah, aliyeigiza mume, si maharimu wangu, hatukushikana mikono. Yeye alishika kichwa cha kamba ya ngamia, mimi nikashika mkia wake. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Tuliuandika kwa Kiswahili, ili walimu na wauguzi waliotoka sehemu nyingine za nchi nao wafuate. Ukumbi ulijibu kwa lugha yoyote iliyowahi kufika mdomoni.

Ilibidi Mzee Keinan abembelezwe ndipo ashuke, na hata hivyo alituachia bakora mezani kama rehani. Salah akaanza kughani. Sauti ya kijana yule, jamani! Alipofika pale mume anapokiambia kisima kwamba maji yake yamekuwa machungu tangu yule mchota maji aondoke, upande wa wanawake ukapiga vigelegele na upande wa wanaume ukadai arudie. Akarudia. Wakadai tena. Jua la alasiri lilikuwa limeingia madirishani, na nilimwona Aabo akipangusa paji la uso ambalo halikuwa na jasho.

"Haya, mchukue," Warfa akasema. "Lakini anayetangulia asigeuke."

Tukaanza safari yetu kuzunguka jukwaa, na hapo ndipo ukumbi ulipotunyang'anya mchezo.

"Waryaa, Salah! Macho mbele!"

"Yupo nyuma yako, mimi namwona! Niamini!"

"Mfungeni macho! Chukueni kilemba changu!"

Salah masikini alikuwa akitiririka jasho. Alijua mchezo unamtaka ageuke, kama yule Mgiriki alivyogeuka akampoteza mkewe, na alijua watu wale hawatamsamehe. Alipofika ukingoni mwa jukwaa akafumba macho, akapiga bismillahi, akageuka.

Kelele zilizozuka hapo sijapata kusikia tena. Ndara iliruka kutoka safu ya mbele, ikamkosa Salah, ikampata mfalme wa majini kifuani. "Mimi nimefanya nini?" Warfa akalalamika. Nami, kama tulivyoandika, nikaachia kamba na kuanza kurudi kisimani kimya kimya. Nilitarajia machozi. Badala yake nikasikia viti vikisogezwa.

Eedo Maka, shangazi wa wote kwetu, alikuwa amesimama. Huuza maziwa ya ngamia, na sauti yake inajulikana soko zima.

"Twendeni zetu," akawaambia wenzake. "Huu ni uongo."

Safu nzima ya wanawake ikaanza kujifunga shungi. Adeer Ogle akanyoosha miguu, akatabasamu.

"Simlaumu huyu kijana kwa kugeuka," Eedo Maka akaendelea. "Hajazoea kamba. Namuuliza aliyempa! Watu wakihama, nani huongoza ngamia wa mizigo?"

"Mwanamke!" safu ikamjibu.

"Na mwanamume yuko wapi?"

"Nyuma na mifugo!"

"Basi huyu msichana anaburutwaje na mume kama mbuzi wa kuuzwa?"

Mimi mtoto wa mjini, ngamia nimemjua kwa maziwa yake tu. Lakini bibi yangu alihama maisha yake yote, na maneno yale yaliniingia kama ni yeye aliyeyasema. Nilitaka kuruka kwa furaha. Niliuona mchezo wangu wote, ulivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

"Warfa!" nikaita kutoka kisimani. "Umesema asigeuke anayetangulia, si ndiyo?"

"Nilisema hivyo," akajibu, akijishika kifua. "Nadhani."

"Basi natangulia mimi."

Nikapanda, nikachukua kamba mkononi mwa Salah. Aliitoa haraka kama kaa la moto, akashika mkia wake.

"Eedo, keti," nikasema.

"Siketi. Nikiketi sitaona."

Jukwaa lilikuwa fupi mno kwa safari yenyewe. Nikashuka ngazi, nikashika njia ya katikati ya viti, Salah nyuma yangu akighani, na mlango ukiwa wazi mbele. Nyuma yangu viti vilikwaruza sakafu, kimoja, vitano, kisha vyote. Watu walikuwa wanatoka. Nilimpita Adeer Ogle amesimama, nikatoka nje kwenye jua na vumbi, nikafuata barabara ya kuelekea soko la mifugo. Mbuzi walinipisha.

Sasa ndipo nilipomwonea huruma yule Mgiriki. Shingo iliniwasha, wallahi! Vigelegele nilivisikia, kicheko nilikisikia, hata Mzee Keinan nilimsikia akidai bakora yake. Nilichotaka kujua ni kimoja tu, kama Aabo amebaki peke yake kwenye safu ya tatu. Niliuma midomo, nikaendelea kutazama mbele.

Kisha sauti ya Adeer Ogle ikapaa juu ya zote.

"Bishar! Ukumbi ni mtupu! Wametoka wote na mchezo haujaisha. Sharti ni sharti!"

Salah akakatiza shairi.

"Mimi sijaona mtu akitoka," Aabo akasema, si mbali nami. Ilikuwa sauti yake ya sokoni, ile ya bei isiyoshuka tena. "Nimeona watu wanahama. Rudi huku nyuma, Ogle, hapo mbele si mahali petu wanaume."

Kamba ikakazika mkononi mwangu, nikaongeza mwendo.